Maji ya Shimo kwenye Betri

Ulinyoosha mkono. Ukumbi ulikuwa umejaa, na shemasi Etuati alipouliza nani anakubali kwamba maji ya tangi ni ya kunywa na kupikia peke yake, na kwamba atakayeipa mashine hata tone moja atatoa nguruwe, ulinyoosha mkono huku jicho lako liko kwenye simu. Mwanamke mmoja nyuma, karibu na mlango, akauliza: na sisi wa kule ng'ambo ya Teone, tusiopitiwa na lori la maji, tutayafikiaje? Uligeuza shingo ukamwona. Halafu ukatazama mkeka. Ukame uliopita watu wa kule waliuliza swali hilo hilo, na ule wa kabla yake pia, na mara zote tulitazama mikeka tukangoja mvua itujibie. Mvua ilitujibia mara zote mbili. Safari hii mwezi wa tano unakwisha nayo imenyamaza kama sisi.

Mwanamke yule ni Asenate, mke wa Etimoni. Wametoka kisiwa cha Niutao, hapa Funafuti hawana hata shubiri ya ardhi. Mwenye kiwanja aliwaruhusu kujenga kule kaskazini, karibu na jaa la taka, mahali ambapo kisiwa kimekonda mpaka ukirusha jiwe kutoka bahari ya nje linaweza kudondokea bahari ya ndani. Minazi iliyowazunguka si yao kugusa, na hata ingekuwa yao, madafu ya mwaka huu hayazidi ngumi ya mtoto. Sikiliza basi yaliyompata leo, Alhamisi, siku ya meli.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Etimoni alibonyeza stata. Pikipiki ikasema *tk*. Akabonyeza tena. *Tk*.

"Imeamka vibaya," alisema.

"Jana nayo iliamka vibaya," Asenate akamjibu kutoka kizingitini, Pelenike akiwa begani. "Ilipopata nafuu yake tukafika lango la tangi saa nne na dakika tano, tukarudi na madumu matupu."

Pelenike ana miezi tisa. Siku ya tatu hiyo alikuwa anaharisha. Muuguzi alikuwa amewapa paketi za dawa ya chumvi na sukari, akawaelekeza: paketi moja kwa lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, kijiko baada ya kijiko, mchana kutwa. Akitapika kila anachopewa, au akilia bila machozi, mleteni mbio, msingoje kesho. Maji safi yaliyobaki ndani yalikuwa chupa moja, nayo haikufika shingoni. Mengine yako mjini, kwenye tangi kubwa la Vaiaku, lita arobaini kwa kila kadi, kuanzia saa moja hadi saa nne. Usipofika, ya leo hayaongezwi juu ya yale ya kesho.

Etimoni alichuchumaa akafungua boksi la vifaa vyake: bisibisi moja, spana mbili, na kipande cha msasa. "Ni plagi hii. Imelowa."

"Taa imefifia, Etimoni. Honi inalia kama kifaranga. Angalia betri."

"Betri uliijaza Jumamosi?"

"Niliijaza."

"Mpaka mstari wa juu?"

"Mpaka mstari."

"Basi betri haina neno. Plagi."

Ndani ya nyumba mama yake, bibi Saloa, alikuwa akipepea moto wa vifuu. Akasema bila kutoka: "Mwanangu, mkeo amekwambia betri."

"Mama, mambo ya mashine niachie mimi."

Asenate alikuwa na neno, lakini neno lenyewe lilikuwa zito kulitoa mbele ya mkwe.

Kila mtu hapa kisiwani hujaza betri yake kwa maji ya mvua. Ndivyo tulivyofundishwa na mabaharia wetu, na ndivyo inavyofaa, maana mvua ya paa ni safi kama ya duka la dawa. Kila Jumamosi Etimoni humwachia mkewe kazi hiyo akienda miambani kuvua. Lakini tangi la paa lao lina matope tangu mwezi wa tatu. Jumamosi ya kwanza baada ya kile kiapo chako cha ukumbini, Asenate alisimama na kikombe mkononi, chupa ya maji ya kunywa huku, shimo la pulaka, yale magimbi yetu, kule. Kikombe cha maji safi kilikuwa cha mtoto. Tena kulikuwa na kiapo, na nguruwe wa faini hawana, wana jike mmoja anayenyonyesha. Akateka maji ya shimo, akayagusa kwa ulimi. Yalikuwa na chumvichumvi, si nyingi. Pikipiki haina ulimi, alijiambia. Akafanya hivyo Jumamosi tatu.

Etimoni alisugua plagi mpaka iling'aa. *Tk*. Alichomoa fyuzi akaitazama juani, akairudisha. *Tk*. Kiki ilikatika mwaka juzi, ikachomelewa, ikakatika tena, kwa hiyo akaisukuma pikipiki mbio kwenye barabara, akaruka juu, akaingiza gia ya pili. Gurudumu likakwama, likaburuta changarawe, kimya. Akarudia mara nne. Mara ya nne alibaki ameinama juu ya usukani, jasho likimdondoka kwenye tangi la mafuta.

"Saa ngapi?"

"Saa moja kasoro kumi."

Akatazama kusini. Meli ya kutoka Suva ilikuwa imeingia usiku, na wapagazi wa gatini huitwa majina saa moja na robo. Asiyeitika, nafasi yake anaandikwa mwingine, na meli nyingine haiji mpaka wiki tatu zipite. Lori la taka lilikuwa linateremka kwenda mjini, mbele wamebanana watatu, nyuma uchafu. Etimoni akalipungia, akaning'inia nyuma kwa mkono mmoja.

"Isukume mpaka kwa Tikala," alipiga kelele. "Mwambie ni plagi."

*

Kutoka kwao hadi uwanja wa ndege, aliko fundi Tikala, ni mwendo wa saa nzima kwa mtu asiye na mzigo. Kwa mwanamke anayesukuma pikipiki yenye madumu mawili mgongoni ni zaidi. Asenate alimwachia bibi Saloa mtoto, chupa na kijiko. Alisukuma kwa upande wa kushoto, nyonga yake imeegemea kiti, na kila mara tairi la mbele lilipoingia kwenye shimo ilimbidi airudishe nyuma kwanza.

Alipofika Teone palikuwa na wanaume wamekaa chini ukingoni mwa barabara, wanacheza karata. Hupiti umesimama wima mbele ya waliokaa. Akainama, mgongo sawa na usukani, akasema, "Tulou, tulou," kama ilivyo adabu, akaendelea kusukuma akiwa amejikunja hivyo hivyo mpaka alipowapita.

"Shemeji, siku hizi pikipiki ndiyo inakupanda wewe?" mmoja akamtania.

"Imechoka kunibeba," alijibu, na wakacheka vizuri tu, bila ubaya. Hakuna aliyenyanyuka. Mmoja wao alikuwa na pikipiki pembeni, inapoa.

*

Karakana ya Tikala ni kontena la zamani. Mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo melini miaka ishirini na mbili. Ana kidole kimoja pungufu na hapendi maneno mengi. Pale alikuwepo shemasi Etuati, amekaa juu ya tairi na shati lake jeupe, akingoja breki zake, na vijana wawili wa bandarini wanaongoja chochote.

"Mume wangu anasema ni plagi," Asenate alisema.

"Mume wako ni fundi?" Tikala akauliza.

"Hapana, kaka."

"Basi tumwache abebe magunia." Akazungusha ufunguo. Taa ya kijani ikatoka hafifu. Akabonyeza honi ikakoroma. Akabonyeza stata huku anaangalia taa, na taa ikazimika kabisa. "Umeona? Stata ikiomba chakula, taa inakufa. Plagi haiwezi kufanya hivyo." Akafungua kifuniko cha ubavuni. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani na mweupe. Akavikwangua kwa kisu, akaweka nyaya za mita.

"Kumi na nusu. Betri nzima husoma kumi na mbili na ushee. Hii ina vyumba sita. Kimoja kimekufa, na kingine kinakisindikiza."

Akaichomoa, akafungua vizibo sita, akaifunga kwenye chaja. Wakasubiri. Shemasi Etuati akauliza habari za bibi Saloa, Asenate akasema hajambo. Akauliza mtoto. Asenate akasema mtoto anaumwa tumbo.

"Tutamwombea," shemasi akasema, na alimaanisha.

Dakika kumi hazijafika, vitundu vya betri vikaanza kutoa povu, na harufu ikawajia wote. Tikala akasogeza pua, akairudisha nyuma upesi. Akazima chaja.

"Nani kafulia nguo humu?"

Vijana wakacheka. Harufu ilikuwa ile ya dawa ya kung'arishia mashati ya kwaya.

"Dada yangu, umejaza maji gani?"

Asenate alihisi uso unapata moto. Alitazama madumu yake. Kwenye kusema uongo alikuwa mchanga sana, na alishika ule uliokuwa karibu.

"Maji ya tangi."

Shati jeupe likanyanyuka kutoka kwenye tairi. "Maji ya tangi la Vaiaku?" shemasi Etuati akauliza taratibu. "Umeipa pikipiki maji ya tangi?"

"Hapana, mzee."

"Umesema tangi."

"Nimekosea kusema."

"Asenate. Tuliapa wote ukumbini. Nawe ulikuwepo, nakumbuka ulisimama ukauliza swali. Kama ni maji ya tangi sema, tujue. Watu wananawa kwa bahari, wanapika wali kwa maji ya madafu, wewe unanywesha mashine?"

Hapo ndipo alipouona mtego ulivyo. Kwenye jibu moja kulikuwa na nguruwe wa faini na jina lake kusomwa kanisani Jumapili. Kwenye jibu la pili yeye ndiye aliyeua pikipiki ya mumewe, kwa mkono wake, Jumamosi tatu mfululizo. Akachagua la pili kwa sababu ndilo la kweli.

"Ni maji ya shimo," alisema. "La pulaka. Mtoto alikuwa na chupa moja tu."

Vijana waliangua kicheko. "Haki ya nani, kaipikia betri supu," mmoja akasema, na mwenzake akaongeza kwamba bado samaki. Shemasi Etuati akakaa tena juu ya tairi, ametulia, kwa kuwa kiapo hakikuvunjwa. Tikala hakucheka. Aliimimina betri kwenye kopo, maji yakatoka na tope la rangi ya kahawia, akalitazama muda mrefu kama mtu anayesoma barua.

"Chumvi na asidi wakifungiwa chumba kimoja wanatoa harufu ile, wanakula madini ya risasi yaliyomo ndani," alisema. "Ulikuwa unahitaji kikombe, siyo? Nusu kikombe cha maji safi kila wiki."

"Nusu."

"Nusu kikombe," Tikala akarudia, na safari hii hakuwa anamwambia yeye. Alikuwa anamtazama shemasi.

"Sheria haikutungwa kwa ubaya," shemasi Etuati akasema.

"Sijasema ubaya. Nimesema nusu kikombe."

Betri mpya dukani hakuna. Zitakuwemo melini, lakini mizigo ya maduka hushushwa ya mwisho, labda Jumamosi. Za kuazima Tikala alikuwa nazo mbili, zote zimeshatoka. Nusu ya kisiwa ina betri inayokufa mwaka huu, akasema, na wengi wanakuja usiku ili wasiulizwe mbele za watu. Saa yake ilikuwa inasema saa tatu kasorobo.

"Nitakufanyia hivi. Nakuunganishia nyaya kutoka betri kubwa, itawaka. Ikishawaka inajiendesha yenyewe, kwa shida lakini inakwenda. Nenda tangini, chukua maji, rudi nyumbani. Ila usiizime. Umenisikia? Popote utakaposimama, iache ingurume. Ikizimika, imezimika."

"Nimesikia, kaka."

"Sema tena."

"Nisiizime."

Iliwaka. Sauti yake ilikuwa ya kukohoa, lakini iliwaka, na Asenate akaikalia. Shemasi Etuati naye alikuwa ameshatengenezewa breki, akamtangulia. Zamu yake ya lango la tangi huanza saa tatu.

*

Mstari ulikuwa mrefu kuliko wa kawaida. Watu wengi wangependa kumaliza maji mapema wakaone meli. Asenate aliingia nao polepole, miguu chini, pikipiki ikinguruma katikati ya mapaja yake, madumu yakigongana. Hatua kumi kabla ya lango shemasi Etuati akainua kiganja.

"Zima."

"Mzee, ulikuwepo. Umesikia alichosema Tikala."

"Nimesikia. Zima, au itoe nje ya uzio."

"Nikiizima haiwaki tena."

"Dada yangu, unajua sheria hii imetoka wapi? Mwezi uliopita pikipiki moja ilimwaga petroli kwenye mpira wa maji. Nyumba ishirini zilikunywa maji yananuka. Nikikuruhusu wewe, huyu wa nyuma yako nitamwambia nini?"

Wa nyuma yake alikuwa mwanamke wa mtaa wa Senala mwenye ndoo mbili. Alitazama pembeni. Asenate akamwomba, kwa sauti ndogo, amshikie pikipiki nje ya uzio. Akasema mkono unamuuma. Akamwomba mwingine, huyo akasema yeye na mashine hawajuani. Basi akaitoa barabarani, akaisimamisha kwa stendi ya kati, akaipa mafuta kidogo zaidi kwa kukaza waya, ufunguo ukiwa mahali pake kama tunavyoacha funguo zetu wote, maana nani ataiba pikipiki kwenye kisiwa chenye barabara moja. Akachukua madumu na kadi, akarudi mwisho wa mstari.

Alisimama na sikio. Watu walizungumza habari za meli, kama kuna vitunguu, kama kuna unga. Yeye alikuwa anasikiliza nyuma ya maneno yao, ile sauti ya kukohoa ng'ambo ya uzio. Watu sita mbele yake. Inakohoa. Watu wanne. Inakohoa. Dumu la kwanza likawekwa chini ya bomba, maji yakaanza kuimba ndani yake, na akafumba macho kidogo kwa utamu wa sauti ile. Dumu la pili lilipofika katikati, aligundua kwamba anasikia maji tu.

Mpira ulikuwa bado unamwaga. Hakuweza kuliacha dumu, kwa sababu dumu lililoachwa ni la anayefuata. Akasimama mpaka likajaa. Akaburuta yote mawili hadi barabarani.

Mke wa mchungaji alikuwa amesimama karibu na pikipiki na mwavuli wake, anatabasamu. Ni mama mwema. Ukiuliza nani kisiwani ana roho safi utaambiwa yeye.

"Nimekuzimia, mwanangu. Nimeikuta inaunguza mafuta bure, nikasema maskini, amesahau. Na mafuta yenyewe mwaka huu."

Asenate alifungua mdomo. Alimwona jinsi alivyofurahi.

"Asante, mama," alisema.

"Usijali. Mtoto hajambo?"

"Yupo, mama."

Alibonyeza stata baada ya yule mama kupinda kona. Safari hii hata *tk* haikusikika.

*

Aliisukuma na mzigo wake, lita arobaini juu, hadi kwa Tikala, hatua mia tano hivi, akipumzika mara tisa. Kontena lilikuwa na kufuli. Kijana mmoja wa wale wa asubuhi bado alikuwa pale, amelala kwenye kivuli cha mlango.

"Tikala yuko wapi?"

"Kaitwa melini. Winchi ya kushushia mizigo imegoma."

"Atarudi saa ngapi?"

"Winchi ikikubali."

Gatini wasiofanya kazi hawapiti, kwa hiyo Etimoni alikuwa mbali naye kama aliyeko Suva. Saa nne na nusu. Akaegemeza pikipiki kwenye kontena. Akatazama madumu mawili, akajua analiacha moja.

"Nitunzie hili, mdogo wangu."

"Likikaa mpaka jioni sikuahidi," kijana akasema, kwa uaminifu.

Akajitwika dumu moja begani. Lita ishirini begani, njia ile ile, jua sasa liko juu ya utosi. Alipungia pikipiki tatu mkono. Ya kwanza ilikuwa na baba, mama na watoto wawili. Baba akaonyesha watoto kwa kidevu. Ya pili ilikuwa ya binamu wa Etimoni, akasema anawahi vitunguu, akirudi atamchukua, na hakurudi. Ya tatu haikusimama. Gari la wageni waliokuja kutazama ukame lilimpita karibu na Teone, vioo vimefungwa, na mmoja wao akainua simu. Dereva ni mtu wetu, unamjua. Aliendelea kuelekeza kidole upande wa bahari, akiwaonyesha kitu kingine.

Dumu lilikuwa na kizibo kibovu. Kila hatua tone moja liliingia shingoni kwake, na alilihesabu kama damu. Hakunywa. Si kwamba ni shujaa. Aliogopa tu kwamba akianza hataacha.

*

Alifika saa sita na nusu. Bibi Saloa alikuwa sakafuni, mtoto mapajani, anampepea kwa kipande cha mkeka. Chupa ilikuwa imelala ubavu.

"Iliisha saa tatu," bibi akasema. "Akalia mpaka saa tano. Halafu akanyamaza."

"Umempa nini tangu hapo?"

"Ningempa nini? Shimo lipo pale. Nililitazama, nikalitazama. Sikumpa."

Asenate alishika kidole cha mtoto. Kilikuwa baridi, katika joto lile. Alibana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Nepi ilikuwa kavu tangu asubuhi. Aliwasha moto, akachemsha, akapooza kwa kuhamisha kutoka sufuria hadi sufuria, akatia paketi, yote kwa haraka isiyomwaga kitu. Wakati maji yanapoa ndipo aliposema, mgongo umemgeukia mkwewe.

"Mama, ni mimi niliyeiua pikipiki. Niliijaza maji ya shimo."

"Najua. Nilikuona."

"Uliniona na hukuniambia?"

"Nilikuona Jumamosi zote tatu. Ningekwambia nini, Asenate? Chukua maji ya mtoto, mpe pikipiki?" Bibi Saloa alipangusa pua kwa ncha ya kanga yake ya kiunoni. "Na mimi ningeteka pale pale."

Kijiko cha kwanza Pelenike alikimeza. Cha pili akakimeza. Cha tatu kikarudi na viwili vilivyotangulia. Wakangoja, wakaanza upya, nusu kijiko, robo. Kikarudi. Uso wa mtoto ukajikunja kulia, mdomo ukafunguka, na machoni hakukutoka kitu. Maji sasa yalikuwepo. Yalijaa dumu, pale, karibu na mlango, na hayakuwa na pa kuingilia.

"Muuguzi alisema msingoje," bibi Saloa akasema.

"Nakumbuka."

"Basi nenda. Mimi miguu hii itakuchelewesha."

Asenate akamfunga mtoto kifuani. Akalowesha kitambaa, akamfunika kichwa. Akatoka.

*

Sasa ni saa saba na dakika ishirini. Hospitali iko mwisho ule mwingine wa barabara, na yeye anatembea, kwa sababu hakimbii tena. Alikimbia mpaka jaa la taka likaishia, hapo pumzi ikamkatikia. Jirani yao wa pekee mwenye simu alihamia Fiji mwezi uliopita. Etimoni yuko chini ya gunia na hajui. Tikala yuko ndani ya winchi. Lori la taka halirudi mpaka jioni.

Usimlilie. Usiandike jina la mtoto kwenye orodha ya maombi ya Jumapili. Usiniambie kwamba Ijumaa, siku ya mkutano, utasimama ukumbini useme lori la maji lipite ng'ambo ya Teone. Utasimama, ni lazima usimame, na safari hii tutakuhesabu. Lakini Ijumaa ni kesho, na mtoto huyu hana kesho ya kukukopesha.

Pikipiki yako ipo hapo nje, ufunguo ndani yake. Bonyeza, itawaka. Elekea kaskazini. Ni barabara moja tu, huwezi kumkosa: gauni la buluu, mikono miwili imekumbatia kifua. Ondoka sasa.